Breketi Tatu za Kava: Safari ya Siku Nane, Unguja na Pemba

Siku ya kwanza, Jumamosi. Bandari ya Malindi

Pikipiki ninayoizungumzia hapa ni ya safari ndefu, ya Kijapani, yenye silinda nne na uzito unaokaribia kilo 300, niliyoinunua Mombasa miaka minne iliyopita kutoka kwa mtu aliyekwisha kuitumia sana. Mbele ina kava kubwa la plastiki linaloanzia kwenye taa, likazunguka rejeta na kuishia karibu na magoti ya mpandaji, na juu yake kuna kioo cha kukinga upepo. Anayeitazama kwa nje hudhani kava hilo limejishikilia lenyewe. Kumbe lote, pamoja na taa, vioo vya pembeni na mafundo ya nyaya, limetundikwa kwenye vyuma vichache vyembamba ambavyo mafundi wetu huviita breketi. Safari hii niliikusudia iwe ya kumtembelea shangazi yangu Wete na kuuona mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Kwa sehemu kubwa imekuwa safari ya vyuma hivyo.

Nimefuatana na mpwa wangu, kijana anayeendesha bodaboda Mwanakwerekwe, naye amepanda pikipiki yake nyepesi ya cc 125. Tulipakia jioni. Agosti ni msimu wa kusi, na aliyewahi kuivuka bahari iliyo baina ya Unguja na Pemba wakati huu anajua kwamba meli hailali. Mabaharia waliifunga pikipiki yangu kwa kamba tatu, na moja wakaipitisha juu ya kava, wakaivuta mpaka nikaiona plastiki ikibonyea. Niliwaomba waihamishie kwenye fremu. Mmoja wao alinijibu kwa adabu kwamba kazi hiyo anaifanya kila siku na nisiwe na wasiwasi, nikanyamaza, nikapanda juu kutafuta pa kukaa.

Siku ya pili, Jumapili. Mkoani hadi Wete

Asubuhi tulifunga gati Mkoani. Kamba ilikuwa imeacha mchubuko mweupe juu ya kava, na nilipoushika usukani na kuusukuma huku na huku nilisikia mlio mdogo upande wa kushoto, kama kijiko kinachogonga sahani. Pengo lililo baina ya kava na tangi, ambalo siku zote lilikuwa la kupitisha ukucha, sasa lilipitisha kidole gumba. Hasira zilinipanda, na wote waliokuwa kwenye sitaha ya mizigo usiku ule niliwahukumu palepale moyoni.

Barabara ya kutoka Mkoani kwenda Chake Chake hupanda na kushuka vilima bila ya kupumzika, na pembezoni mwake karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi, harufu yake ikiingia mpaka ndani ya kofia. Katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa kava lote lilitetemeka hata namba za dashibodi zisisomeke. Nikifika 60 hutulia kabisa. Nikipunguza tena, mlio unarudi palepale ulipokuwa. Mpwa wangu aliyekuwa nyuma yangu alidhani ni injini. Mimi nilijua kwamba injini ikifanya hivyo hubadilika kwa mizunguko yake na si kwa mwendo wa tairi peke yake, na kwamba kitu kinachotetemeka katika mwendo mmoja tu, kikatulia juu na chini ya mwendo huo, ni kitu kilicholegea kinachopata mdundo wake. Pamoja na kuyajua yote hayo sikusimama kukifungua. Tulikuwa tumechoka na shangazi alikuwa anatusubiri na chakula.

Siku ya tatu, Jumatatu. Konde, Ngezi, Ras Kigomasha

Tulitoka Wete baada ya chai, tukapita Konde na kuingia msitu wa Ngezi, ambako mivule mikubwa hufunika njia na ubaridi wake ukamfanya mpwa wangu afunge zipu ya koti. Baada ya msitu, kuelekea Makangale, tulikuta njia ya vumbi yenye mabonde madogo yanayofuatana kama mawimbi. Hapo ndipo kava liliponiangukia. Nasema kuangukia kwa maana yake halisi: upande wa kushoto ulishuka kiasi cha vidole vinne, taa ikatazama chini kwenye tairi, na ukingo wa plastiki ukakutana na mkono wa usukani nilipokuwa nakata kona kushoto. Usukani ulikataa kugeuka zaidi. Mwendo ulikuwa mdogo, si zaidi ya kilomita 20 kwa saa, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu niliweza kuusimamisha mzigo wote ule wima.

Hili nataka lifahamike na kila mwenye pikipiki ya aina hii. Breketi ikikatika, hatari ya kwanza ni usukani kuzuiwa, wala sura ya pikipiki kuharibika si hoja wakati huo. Nyaya za taa na za swichi nazo hupita mlemle, zikibanwa na kukatika ganda huweza kuunguza fyuzi au zaidi ya hapo. Kwa hiyo kabla ya kufunga chochote tulizima, tukachomoa waya hasi wa betri, tukalinyanyua kava kwa mikono miwili na kuangalia nyaya moja moja kwa tochi ya simu. Zilikuwa salama.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baskeli alisimama, tukaamkiana, na aliposikia shida yetu alifungua kamba ya usumba aliyofungia mzigo wake wa kuni, akatupa pande la pima moja na kukataa malipo. Tulilifunga kava kwenye kiunzi kwa kamba hiyo, tukaweka vipande vya mpira wa tyubu kila penye kusuguana, kisha nikageuza usukani mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto mara kumi, mpwa wangu akiwa amechutama mbele kuangalia kama kuna kinachogusa. Tulipohakikisha hakuna, tuliendelea taratibu.

Mnara wa Ras Kigomasha ni wa chuma, umesimama hapo tangu mwaka 1900, mahali ambapo upepo wa chumvi hauupi nafasi upande wowote. Nilikaa chini yake muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nilikuwa nikifikiri kuhusu chuma changu mimi, chembamba kuliko kidole, ambacho katika miaka minne sikuwahi hata siku moja kukitazama.

Siku ya nne, Jumanne. Wete, uani kwa shangazi

Siku nzima ya leo imekwenda katika kufungua. Shangazi alitutandikia mkeka mkukuu chini ya mwembe, nasi tukapanga juu yake kila bolti kwa mpangilio wa mahali ilipotoka, tukichora kwa chaki umbo la kava na kuiweka kila bolti kwenye nafasi yake. Kazi hii inaonekana ya kitoto lakini bolti za kava hazilingani urefu. Ukiiweka ndefu mahali pa fupi, ncha yake inaweza kutoboa kilicho nyuma, na nyuma ya kava la namna hii pana rejeta.

Baada ya kuondoa plastiki ndipo kiunzi kilipoonekana. Ni bomba la chuma lililofungwa kwa bolti mbili kwenye shingo ya fremu, likatoa mikono miwili, na kila mkono unaishia kwa sikio bapa lenye tundu ambalo kava hufungiwa. Chini, karibu na rejeta, kuna breketi nyengine ndogo yenye umbo la pembe mraba. Nilitarajia kukuta breketi moja imekatika, nikakuta tatu zilizoharibika. Sikio la kushoto lilikuwa limeachana kabisa na mkono wake. La kulia lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ambao sikuuona mpaka nilipopitisha brashi ya waya na kufuta kwa kitambaa chenye petroli kidogo. Ile ya chini ilikuwa imeliwa na kutu hata ikavunjika nilipoishika kwa koleo.

Nilikichukua kipande cha sikio la kushoto nikakipeleka juani nikakitazama uso wa mkatiko kwa lenzi ya shangazi ya kusomea. Sehemu kubwa, zaidi ya robo tatu, ilikuwa ya rangi ya kahawia iliyokolea, laini kama sarafu iliyopita mikononi mwa watu wengi, ikiwa na mistari myembamba iliyopinda, mmoja nyuma ya mwengine, mfano wa alama ambazo maji huacha kwenye mchanga yanapokupwa. Sehemu iliyobaki, isiyozidi upana wa punje ya mchele, ilikuwa ya kijivu kinachong'ara na yenye chembechembe kama sukari. Huko ndiko kusoma chuma kilichochoka. Ile sehemu ya kahawia ni ufa wa zamani uliokuwa ukitembea kidogo kidogo kwa kila mtetemo, hewa na chumvi vikaingia na kuupaka kutu. Ile punje ya kijivu ndiyo peke yake iliyokuwa imebaki kushikilia upande mzima wa kava, nayo ndiyo iliyokatika jana.

Kwa hiyo mabaharia niliwadhulumu. Kamba yao inawezekana iliharakisha siku chache, lakini chuma kilikuwa kimeanza kukatika miezi mingi nyuma, pengine kabla sijakinunua, na nimekiendesha hivyo mpaka Makunduchi na Nungwi nikiwa na familia nyuma. Nililiandika hili kwanza katika daftari langu kabla ya vipimo vyovyote.

Swali lililobaki lilikuwa kwa nini ufa ulianzia hapo. Mpwa wangu ndiye aliyeliona jibu. Katika kila tundu la breketi huwa panakaa mpira wa duara wenye mfereji, na ndani ya mpira huo panakaa bushi ndogo ya chuma ambayo bolti hupita katikati yake. Ukikaza bolti, inaibana bushi na si mpira, na mpira unabaki huru kunesa. Upande wa kulia bushi ilikuwepo. Upande wa kushoto haikuwepo.

"Mjomba," aliniambia akiwa amekishika kidude cheusi kilichokuwa kigumu kama kokwa ya tende, "huu mpira au jiwe?"

Aliyeifungua pikipiki kabla yangu aliipoteza bushi, akakaza bolti moja kwa moja juu ya mpira mpaka mpira ukabanika, ukaiva kwa joto la rejeta na kuwa mgumu. Tangu hapo kila mtikisiko wa barabara uliingia kwenye sikio bila ya kupunguzwa, nalo lilikuwa na kona kali ya ndani pale lilipokunjwa kiwandani. Chuma huanzia kuchoka kwenye kona kama hizo.

Jioni, kabla ya kukitoa kiunzi, nilipima kila umbali kutoka upande wa kulia ambao haukupinda, nikauhamishia upande wa kushoto kinyumenyume, nikaupigia misumari kwenye kipande cha ubao, msumari mmoja kwa kila tundu. Ubao huo ndio utakaonifaa kesho, kwa sababu kiunzi kitakuwa Chake Chake na pikipiki itabaki Wete.

Siku ya tano, Jumatano. Chake Chake, kwa fundi

Tulikitia kiunzi katika pakacha, tukalifunga nyuma ya pikipiki ya mpwa wangu pamoja na ubao, tukashika barabara ya Chake Chake. Fundi tuliyeelekezwa yuko upande wa Machomane, mzee aliyeanza kazi kwa kutengeneza vyuma vya majahazi na ambaye siku hizi huchomelea mageti na vitako vya mashine za boti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakitoa kiunzi kwenye pakacha na kukigeuza mkononi bila ya kusema neno. Kisha akaupokea ubao, akayavalisha matundu ya upande mzima kwenye misumari, na alipoona yanaingia bila ya kulazimishwa ndipo alipotabasamu.

Nilikuwa nimejiandaa kumwomba anifanyie masikio ya unene wa milimita 6, maradufu ya yale ya mwanzo, nikiamini kwamba kilichokatika kwa wembamba hutibiwa kwa unene.

"Nene nitakufanyia ukitaka, mwanangu," alisema, akaligusa sikio la plastiki kwenye picha niliyomwonyesha ya kava. "Lakini hiki chuma changu kikikataa kunesa, kitakachokatika ni hicho chako cha plastiki. Changu nikikichomelea kinashika. Chako utakipata wapi?"

Nilikaa kimya kwa sababu alikuwa amesema kweli ambayo mimi, pamoja na kutazama mikatiko kwa lenzi jana kutwa, sikuwa nimeifikia. Breketi imewekwa baina ya fremu ngumu na plastiki dhaifu ili ibebe tabu za pande zote mbili. Tulikubaliana unene ubaki milimita 3.

Kwenye rundo lake palikuwa na kipande kizuri cha bomba la maji lililopakwa zinki, nikauliza kama hakingefaa kwa breketi ya chini kwa vile hakishiki kutu. Alikataa palepale. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe, na aliyeuvuta hushikwa na homa usiku wake. Kwa chuma cha stenlesi nacho hakukubali, kwa kuwa kikigusana na chuma cha kawaida penye maji ya chumvi hukifanya kile cha kawaida kiliwe haraka zaidi. Akachagua ubapa wa chuma wa kawaida, wenye upana wa milimita 25, ule ule unaotumika kwenye madirisha.

Kukunja ndiko nilikokutazama kwa karibu kuliko kitu chengine chochote. Aliubana ubapa kwenye jiliwa pamoja na bolti nene ya milimita 10 iliyolala pembeni yake, akaugonga kwa nyundo taratibu ukiizunguka bolti, hivyo kona ikatoka ya mviringo kama mgongo wa kisu cha kukunia, bila ya ule mkunjo mkali wa mwanzo. Kila baada ya mapigo matatu manne aliulegeza na kuupima kwenye ubao wa misumari. Matundu aliyatoboa kwa keekee ndogo kwanza, kisha ya kati, kisha ya milimita 12 kwa ajili ya kuingia mpira, na kwa kuwa ubapa una milimita 25, kila upande wa tundu ulibaki na milimita sita na nusu za chuma. Kingo za tundu alizilainisha kwa tupa ya mviringo, ndani na nje, akaniambia nipitishe kidole. Ukingo ambao hauchubui kidole hautaukata mpira.

Katika kuchomelea alitumia fimbo za milimita 2.5. Aliusafisha mwisho wa kila mkono mpaka chuma kikang'aa, akashikiza nukta mbili tu, akarudi kwenye ubao kupima, akalinyoosha sikio la kushoto kidogo kwa nyundo, ndipo akamalizia kwa mistari mifupi, leo upande huu kesho upande ule kama tunavyosema, ili joto lisikipinde kiunzi. Mpwa wangu alikimbilia ndoo ya maji ili kipoe tupate kuwahi kurudi. Mzee alimzuia kwa mkono na kukiacha kiunzi kwenye matofali kipoe chenyewe, kwa kuwa chuma kilichochomelewa kikitiwa maji ghafla kinaweza kuwa kigumu na chenye kuvunjika pembezoni mwa mshono.

Tukiwa tunasubiri alitueleza jinsi kazi ilivyokuwa zamani, wakati umeme wa Pemba ulipotokana na mashine za dizeli na mchomeleaji alikuwa akipanga siku yake kwa kusikiliza kama mashine zimewaka. Tangu mwaka 2010 umeme unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, naye anasema ni hapo alipoweza kwa mara ya kwanza kumwahidi mteja saa ya kuja kuchukua kitu chake.

La mwisho alilolifanya sikumwomba. Alitoboa tundu la milimita 4 chini ya kila mkono wa bomba, mahali panaposhuka zaidi, ili maji yatakayoingia yapate pa kutokea. Kiunzi cha mwanzo hakikuwa na tundu hilo, na alipokitikisa karibu na sikio langu nilisikia vumbi la kutu likimwagika ndani.

Siku ya sita, Alkhamisi. Mipira na rangi

Kiunzi kilipigwa brashi ya waya, kikafutwa kwa tina, kikapakwa rangi ya msingi yenye zinki na baadaye rangi nyeusi mara mbili, kikatundikwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Upepo wa kusi una unyevu, kwa hiyo tuliiacha rangi usiku kucha na kila aliyetaka kukigusa kiunzi alizuiliwa na shangazi mwenyewe.

Mipira ya pikipiki yangu haipatikani Pemba, na sidhani kama ningeipata Unguja. Mpwa wangu aliuchukua ule mmoja uliosalimika, akaenda nao katika maduka ya spea za bodaboda pale Wete, akarudi na mipira sita ya kushikilia kava la pembeni la pikipiki ya cc 125. Mfereji wake ni wa milimita 3 na inaingia kwenye tundu la milimita 12 kwa kubonyezwa kwa dole. Nilifurahi sana kwa ugunduzi huo, na ninauandika hapa kwa ajili ya mwengine atakayekwama kama mimi.

Bushi tulizikata wenyewe kutoka kwenye kibomba cha chuma kinachopitisha bolti ya milimita 6. Urefu wake ndio siri yote ya kazi hii. Mpira una kimo cha milimita 9, nasi bushi tulizikata 8. Zikiwa ndefu kuliko mpira, kava litacheza na kugonga. Zikiwa fupi mno, bolti itaubana mpira kama alivyofanya mwenzetu wa kabla. Ikipungua milimita moja, washa huukalia mpira kidogo tu, kisha hufika kwenye chuma cha bushi na kusimama. Tulizikata tisa tukapata tano nzuri, kila moja nikiisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kigae mpaka ncha zote mbili zikakaa sawa.

Sikio la plastiki la kushoto lilikuwa na ufa wa nusu kidole. Ndani ya kava kiwandani waliandika herufi ABS, na plastiki hiyo huyeyuka kwa asetoni. Nilinunua kichupa cha asetoni tupu kwenye duka la vipodozi, nikayakwangua machicha ya plastiki kutoka kwenye ukingo usioonekana, nikayaloweka ndani ya kifuniko cha bati mpaka yakawa uji mzito, nikaupaka ufa pande zote mbili. Mpaka usiku ulikuwa mgumu kama plastiki yenyewe, na sehemu hiyo ilibaki na rangi ya maziwa. Imefichika chini ya kioo na hainisumbui.

Siku ya saba, Ijumaa. Kufunga

Tulianza baada ya sala ya Ijumaa. Kiunzi kilirudi kwenye shingo ya fremu bila ya kulazimishwa, na bolti zote tuliziingiza kwa vidole kwanza, hakuna iliyokazwa mpaka zote zilipokuwa zimeshika. Bolti ya milimita 6 kwenye plastiki haihitaji nguvu. Nilitumia spana fupi namba 10 kwa vidole viwili, nikasimama pale washa ilipoacha kuzunguka. Mpwa wangu alitaka tutie gundi ya kuzuia nati kulegea, nikamkataza kwa kuwa gundi hiyo ikidondokea plastiki ya ABS huweza kuipasua. Badala yake tulitumia nati zenye pete ya nailoni ndani. Juu ya kila nati nilichora mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaovuka mpaka kwenye breketi, ili nati ikigeuka hata kidogo mstari ukatike na mimi nione.

Taa ilirudi kutazama mbele. Niligeuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili na hapakuwa na kilichogusa.

Siku ya nane, Jumamosi. Wete, Mkoani, Malindi

Tuliondoka mapema ili nipate kupita njia mbovu kwa makusudi. Katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ule uliokuwa ukilitetemesha kava lote, nilizisoma namba za dashibodi moja moja. Kwenye mabonde kava lilinesa kidogo na kurudi, kama tawi la mkarafuu linaloachwa na mchumaji. Chake Chake tulisimama kumwonyesha mzee. Aliingiza mkono chini ya kava, akapapasa sikio la kushoto kwa muda, akauliza bei ya ile mipira ya bodaboda.

Mkoani, baharia aliyekuja na kamba hakuwa yule wa safari ya kwanza. Nilimwonyesha mahali pa fremu, chini ya tangi, na pa nyuma kwenye chuma cha kubebea mizigo, nikamweleza kwa nini isipite juu ya kava, naye akafunga nilivyomwomba bila ya neno. Nilibaki pale chini mpaka alipomaliza.

Usiku huu nimefika nyumbani. Kabla ya kuvua viatu nimeipitia mistari ya rangi kwa tochi. Minne imekaa kama nilivyoichora. Wa breketi ya chini, karibu na rejeta, umekatika kwa upana wa unywele. Nimeikaza nati hiyo kwa robo ya mzunguko, nimefuta mstari wa zamani na kuchora mwengine, na nimeandika tarehe kando yake.